Bunduki Aliyoisafisha Mama

Dodoma
14 Machi 2023

Mdogo wangu Amedeus,

Tumsifu Yesu Kristu. Huku hatujambo, tunapambana na vumbi. Agatha wangu amefaulu uuguzi, na sasa anatupima presha nyumba nzima hata kama hatujaomba. Nisalimie Mama, umwambie kitenge chake kimepatikana, rangi ile ile aliyoing'ang'ania. Wifi yangu Rozalia naye msalimie, ingawa tumeongea juzi, na maongezi hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na haya sitaki yafike kwa jirani yako Manyanda anayekamua ng'ombe. Tena kila nikikupigia unasema, "Salama, dada, salama," halafu mtandao unakatika. Mtandao wa ajabu huo, unaojua swali gani linakuja. Barua haina kitufe cha kukatia.

Rozalia anasema jua linatoka, nguruwe pori wamesharudi msituni, wenzako wameteremka kutoka kwenye madungu yao wanakunywa chai, na wewe umebaki juu ya dungu lako, gobore la Baba umelilaza mapajani, unautazama mpunga bila kuuona. Anakuita, huitiki. Alidhani umesinzia, akapanda ngazi, akakuta macho yako wazi. Ukamwambia, "Rudi nyumbani, mama Suzana, naisafisha bunduki." Hukuwa na kitambaa wala mafuta.

Amedeus, nataka bunduki hiyo itoke nyumbani kwako.

Na usiniambie ni yako. Kibali kiliandikwa jina la Baba, na Baba tulimzika Julai mwaka jana. Mwenye kibali akifa, silaha inapelekwa polisi, na anayeitaka anaomba upya, anaulizwa yeye ni nani na akili yake imekaaje. Nyie mmefanya nini? Mmemaliza matanga, mkamkalisha mrithi kwenye kigoda, mkampa jina la marehemu na bunduki ya marehemu kwa pamoja, watu wakapiga vigelegele wakaenda kula wali. Hakuna aliyeuliza akili ya mrithi imekaaje. Nchi hii ukitaka kubeba abiria kwa pikipiki unaulizwa leseni. Ukitaka kurithi kitu cha kuulia, unaulizwa kama umeoga.

Nijibu. Usipige simu.

Dada yako,
Gaudensia


Mwamkulu
20 Aprili 2023

Dada Gaudensia,

Milele na milele, amina. Barua yako ilikaa ofisi ya mabasi Mpanda hadi karani akaanza kuitumia kuzuia mlango usijipige na upepo. Mama ni mzima, magoti tu. Kuhusu kitenge anasema ulete mwenyewe, hataki vitu vya kutumwa kama mgonjwa. Suzana ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila mtu. Kiboko mmoja ametoka mto Katuma, amelala kwenye jaruba la mpunga la Manyanda kama amelikodi. Manyanda alimtukana kwa Kisukuma, kiboko hakujali.

Sasa hayo yako. Unaniandikia kama unaandika kwenye gazeti lako, dada. Nilisoma nikawa natafuta ukurasa wa michezo.

Niko salama. Mtu akikaa kimya juu ya dungu lake mwenyewe, kosa lipo wapi? Huko Dodoma mnakaa kimya mkalipwa posho. Bila bunduki nguruwe watakula mpunga wote, na wewe utatuma kitenge, hutatuma gunia. Ukiniletea askari humu ndani, usinihesabu tena.

Na wewe ni mkubwa kwangu, sawa, lakini kwa mila unatakiwa uniite Baba. Wote wananiita hivyo. Shangazi wote wananiita kaka. Mama akiniona asubuhi ananiambia, "Mume wangu, umeamkaje?" na watu wanacheka, ndiyo utani wetu, unaujua. Mimi naitika. Kutwa nzima naitika jina la mtu mwingine, mpaka nikiwa peke yangu nashindwa kukumbuka la kwangu linaitikiwaje.

Halafu hiyo hoja ya kutoa bunduki. Mtu akitaka kufa atakufa tu, hata umfungie kwenye ghala tupu. Sijisemi mimi. Nasema kwa jumla.

Tangu mazishi hujakanyaga hapa. Unaogopa nini?

Ni mimi, baba yako kwa mila,
Ambrosi


Dodoma
2 Mei 2023

Amedeus (hilo ndilo jina ulilobatizwa, nilikuwepo, ulilia kanisa zima),

Nimefurahi kusikia habari za meno ya Suzana. Agatha anakusalimu, anasema mjomba wake anywe maji ya kutosha, sasa anafikiri kila ugonjwa ni wa maji.

Umesema mtu akitaka kufa atakufa tu. Sentensi hiyo naisikia kila ninapokwenda, kwenye semina, redioni, kwa watu wenye digrii mbili. Inaonekana ina busara, na ni ya uongo, na imezika watu. Nakukumbusha mtu mmoja unayemjua.

Unamkumbuka Erasmus wa Ilembo, yule aliyeunguliwa duka na mke akaondoka mwezi huo huo? Mwenyewe alitusimulia, tena mbele yako, kwenye kipaimara cha mwanawe. Siku mbaya kuliko zote alikwenda kwa jirani aliyekuwa na bunduki, ajifanye anaiazima kwa ajili ya nyani. Jirani alikuwa amekwenda Ikola kununua dagaa, na chumba amekifunga. Erasmus akakaa barazani kumsubiri. Mke wa jirani akamwona, akamletea uji, akamsengenya wifi yake muda mrefu sana, jua likageuka upande wa pili wa nyumba. Erasmus akasema alipomaliza uji alikuwa bado ana huzuni, lakini kile kitu kilichokuwa kimemshika shingoni kilikuwa kimeachia. Akaenda nyumbani. Leo anauza dagaa hao hao wa Ikola, ameozesha mabinti, na anachosha watu kwa hadithi.

Kilichomwokoa ni mlango uliofungwa na bakuli la uji. Saa ile ingemkuta bunduki iko ukutani kwake, tusingemjua tena. Saa ile inapita, Amedeus! Inapita kwa watu wengi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nagombana na kila mtu: kitu kisiwe karibu wakati saa ile inapofika. Sisemi bunduki ndiyo inayoleta huzuni. Ila huzuni inaweza kuondoka, na risasi hairudi.

Na kuna lingine, nitaliandika kwa kuwa hakuna anayelisema. Mliwaambia watu, mkamwambia na padre, kwamba Baba alipatwa na ajali akisafisha bunduki. Baba alikuwa na gobore hilo tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa anatufukuza uani hata kabla hajagusa kitambaa. Alikuwa anaihakiki kama kipofu anavyohesabu ngazi. Mtu huyo asafishe bunduki yenye baruti ndani?

Na wewe unamwambia mkeo, "Naisafisha bunduki." Maneno yale yale. Unadhani Rozalia hakuyasikia? Unadhani kwa nini alinipigia akilia?

Dada yako


Dodoma
19 Juni 2023

Amedeus,

Mbona kimya? Rozalia hapokei. Nilimpigia Manyanda, akaniambia mmeanza kuvuna, akaniambia habari za kiboko kwa kirefu, nilipouliza habari zako akasema, "Yupo," basi. Kuna kuwepo kwa aina nyingi.

Sijibu swali lako la kwa nini siji. Nimelisoma, nimeliona. Nitalijibu.

Nimempigia baba mdogo Eustace. Kasirika ukipenda. Nimemwambia ukoo ukae, bunduki itolewe. Sikuwa na mtu mwingine.

Niandikie hata mstari mmoja, hata matusi.

G.


Mwamkulu
8 Agosti 2023

Dada,

Mavuno yameingia. Mama anakusalimu, magoti yamepungua. Suzana anatembea kwa kushika kuta.

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia. Ulipomwita Eustace ulinivua nguo mbele ya ukoo, na nilitaka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Walikuja Jumapili baada ya misa, wakajaa sebuleni. Eustace alikaa kwenye kigoda cha Baba bila kuambiwa. Akaanza: "Tumesikia kuna mtu Dodoma anataka mrithi anyang'anywe bunduki. Mrithi bila bunduki ni nani? Ni mgeni aliyevaa koti la marehemu. Ambrosi alilinda majaruba haya, na Ambrosi huyu hapa atayalinda." Akanionyesha mimi kwa kidole. Wakaitikia wote. Na mimi nikaitikia, dada. Ndivyo nilivyozoea.

Rozalia akasema, "Shikamoo, baba. Naomba niseme."

"Marahaba. Sema, lakini kwa kifupi, wali utapoa."

"Mume wangu halali. Hali. Asubuhi anakaa na bunduki ile kama mtu anayesubiri gari."

"Anasafisha," Eustace akasema. "Mwanaume anasafisha bunduki yake. Hata marehemu kaka yangu, bahati mbaya tu, alikuwa anasafisha..."

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Eustace, toka kwenye kigoda cha mume wangu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa shemeji. Eustace naye akacheka: "Shemeji, mume wako si huyu hapa? Mbona hajanifukuza?"

Mama akaweka ungo chini. Akasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Hakuwa anasafisha. Aliyeisafisha ni mimi. Nilifika wa kwanza, nikaichukua, nikaiosha kisimani, nikaikausha kwa khanga yangu, nikaweka mafuta na kitambaa pembeni ndipo nikapiga ukunga. Nilitaka azikwe na padre, na askari wasituulize. Nyie mkaja mkaikuta inang'aa. Mkasema, bunduki gani nzuri hii, apewe mtoto. Na mimi nilikaa pale pale kwenye mkeka nikawaangalia mnampa mwanangu. Nikamwita mume wangu mbele yenu, mkacheka."

Eustace aliinuka kwenye kigoda. Alishika koti lake, akautafuta mkono wake, ukampotea.

Mama akanigeukia mimi. "Na wewe? Unaisafisha kweli?"

Dada, wewe umesoma vitabu, umenipigia kelele kwa kurasa nne, sikukujibu. Mama aliuliza maneno manne. Nikasema hapana. Nikasema mbele yao wote kwamba tangu nipewe jina lile nasikia kama kuna kazi ya Baba sijaimaliza, na kila asubuhi bunduki inanikumbusha kazi gani. Sikutaka kufa, sijui kama unaelewa. Nilitaka kuacha kuitika.

Rozalia aliichukua ile bunduki kutoka ukutani, akaenda nayo kwa akina Manyanda. Fataki na baruti akampa Mama. Hakuna mzee aliyemzuia.

Nimechoka kuandika.

A.


Dodoma
4 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Agatha amepangiwa kazi Singida, yuko salama, presha yangu sasa hakuna wa kuipima.

Barua yako niliisoma nimesimama ofisini, nikaisoma tena nimekaa, wenzangu wakadhani nimefiwa. Sikuwa na hoja. Mimi! Nimegombana na mawaziri wa zamani redioni sikukosa neno, na Mama akachambua mchele akasema yote.

Uliuliza naogopa nini. Niliogopa Mama atanitazama, na mimi nitajua. Nilikuwa nimekisia tangu mazishi, nikaona afadhali nipigane na sheria kuliko kumuuliza mtu mmoja, mama yangu, alifanya nini asubuhi ile. Sheria hailii.

Lakini sheria nitaendelea kupigana nayo, nisamehe, ndivyo nilivyoumbwa. Unajua Mama aliogopa nini? Aliogopa askari na padre. Hadi leo Kanuni ya Adhabu inamwita mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akabaki hai. Mtu ametoka tu kwenye shimo, tunamngoja ukingoni na pingu! Halafu tunashangaa kwa nini nyumba zote zina ajali, kwa nini kila marehemu alikuwa anasafisha kitu. Sheria ya silaha inataka useme, sheria ya adhabu inakuziba mdomo, na katikati ya hizo mbili kuna mwanamke kisimani anaosha bunduki. Hilo nitaliandika mpaka wanichoke, bila kutaja mtu.

Sasa la kufanya. Huko kwa Manyanda haijatoka, imehama tu, na yeye inaweza kumtia matatani. Serikali imetangaza msamaha, silaha zisizo na kibali zipokelewe mpaka mwisho wa Oktoba bila mashtaka. Mpeleke Mama, ndiye mjane. Huna haja ya kueleza moyo wako kaunta.

Lakini mahali pengine ueleze. Nenda hospitali Mpanda mjini na Rozalia, mseme kama mlivyosema sebuleni: hulali, huli, unasikia kuitwa. Usiseme malaria. Nakujua, utasema malaria.

Wako,
Gaudensia


Mwamkulu
22 Oktoba 2023

Dada,

Tumsifu Yesu Kristu. Mvua bado, watu wanatazama juu. Suzana anatembea bila kuta na anaanguka kwa majivuno.

Hospitali nilikwenda. Nilipofika kwa daktari nikasema, "Nadhani ni malaria." Rozalia akaniambia, "Toa ulimi wako mwingine." Basi nikasema. Yule daktari hakushtuka. Kitu hicho kilinishangaza, nilidhani atashtuka. Nimepewa dawa na natakiwa kurudi kuongea, sio mara moja. Mwanzo dawa zilinitia usingizi nikawa kama gunia. Sasa afadhali kidogo. Kuna siku si afadhali.

Juzi tuliipeleka. Mama, Rozalia na mimi, na bunduki tumeifunga kwenye mkeka, fataki na baruti Mama amevishika mwenyewe kwenye kikapu. Mwenyekiti wa mtaa alitupa barua ya utambulisho. Baba mdogo Eustace alikuwa amesema hatakanyaga. Tulipofika Ilembo tukakuta pikipiki inatukimbiza, yeye nyuma amekishika kigoda cha Baba kifuani. Nikamuuliza, "Baba mdogo, hicho nacho ni silaha?" Akasema, "Nyamaza. Shemeji atakaa wapi kwenye foleni?" Na kweli foleni ilikuwepo, na Mama alikaa.

Askari alikuwa mtaratibu. Alifungua mkeka, akatazama, akachukua kalamu.

"Ya nani hii?"

Mama akasema, "Ya mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

Dada, nilikuwa nimesimama karibu naye, mkono wake umeshika mkono wangu. Nilijua jibu la nyumbani. Eustace alijua. Nilikuwa nimeshaanza kufungua mdomo niitike.

Mama akasema, "Amekufa. Alijiua. Huyu ni mwanangu, anaitwa Amedeus."

Askari aliinua macho. Nilidhani sasa yanaanza. Akasema, "Pole, mama." Akaandika silaha imetoka kwa marehemu Ambrosi, imeletwa na mjane. Hakuuliza zaidi.

Njiani Eustace aliniita mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Kaka." Akajisahihisha: "Amedeus." Lilimtoka kwa shida, kama jiwe kwenye kiatu. Sijui wengine watafanyaje. Shangazi mmoja amenuna, anasema tumemfukuza marehemu. Huenda ni kweli. Silali vizuri juu ya hilo. Lakini nikiitwa jina langu nageuka haraka, hata mimi najishangaa.

Kitenge unakileta lini?

Mdogo wako,
Amedeus


Mwamkulu
30 Machi 2024

Dada Gaudensia,

Tangu ulipoondoka baada ya Krismasi Mama hajavua kile kitenge isipokuwa kukifua, na akikifua anakaa karibu na kamba kukilinda. Rozalia anakusalimu. Mpunga umebeba, Mungu akipenda.

Uliniuliza kwa simu tunafukuzaje nguruwe bila bunduki, na mimi nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nilikuwa najisikia vibaya siku hiyo, sikutaka usikie sauti yangu. Bado siku hizo zinakuja. Nakwambia ili usije ukaandika kwenye gazeti lako kwamba mtu alisalimisha bunduki akapona.

Tunapiga madebe. Manyanda na mimi tumekubaliana, dungu lake na langu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Nguruwe wanayachukia. Kiboko anayapenda, tunadhani, maana anasogea. Nguruwe wanakula zaidi kidogo kuliko wakati wa bunduki, sitakudanganya, karibu na mto tumepoteza sehemu.

Lakini kuna kitu hatukukipanga. Debe linasikika mpaka nyumbani. Bunduki ilikuwa inakaa kimya asubuhi nzima na hakuna aliyejua kimya hicho ni cha nini. Sasa Rozalia anapika uji huku anasikiliza. Naweza kupiga vibaya, naweza kupiga kwa hasira, yeye anaendelea na uji. Nikinyamaza anatoka.

Jana asubuhi nilinyamaza. Nilikaa tu, debe kwenye magoti, nautazama mpunga. Hata sikujua nimenyamaza kwa muda gani. Nikasikia ngazi inalia. Ni Rozalia, anahema, ndala moja mguuni na nyingine imebaki matopeni huko, mwiko bado mkononi.

Nikamwambia, "Mkono tu umechoka."

Akasema, "Haya."

Hakuteremka. Alichukua debe akaliweka kwenye magoti yake, akaanza kupiga kwa mwiko, vibaya sana, uji ukiruka kila upande. Kutoka dungu lake Manyanda akapaza sauti, "Nani huyo anatuaibisha?"

Nikapaza sauti, "Ni sisi!"

Tulikaa mpaka jua likawa kali. Uji uliungua.

Mdogo wako,
Amedeus